Bikoni Nyuma ya Goli

Kimumu, Eldoret
6 Machi 1971

Kwa ndugu yangu Mohamed Farah,

Najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha utasema, huyu leo amekumbuka. Sema tu. Tangu uende Isiolo kwa mjomba wako nimekuandikia mara mbili, na hii ya tatu naiandika kwa sababu nimeshindwa kulala.

Kipngetich ameshikwa. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, watu wote wakiona. Vijana wa kamiti yetu walimkuta mpakani ameng'oa bikoni, kile chuma cha saveya chenye saruji chini, amekipakata kama mtoto anakileta upande wetu. Wewe uliondoka kabla mambo hayajawa hivi, kwa hiyo nikueleze. Mzungu alipouza shamba, sisi wafanyakazi tulichukua upande wa machweo kwa kampuni yetu, na kina Kipngetich wakachukua upande wa macheo kwa ushirika wao. Kidogo kidogo tukaacha kusalimiana. Saveya wa serikali atakuja mwezi wa saba kupima mpaka wa mwisho, na atafuata bikoni zilipo. Sasa mtu wa upande wa pili anapokutwa anasogeza chuma kuingia kwetu, unafikiri watu watamchukuliaje?

Walimpiga. Mimi sikuwepo, nilikuwa zizini. Nilisikia tu kelele. Mguu wa kulia umevunjika, ule ule wa mashuti. Alipelekwa hospitali ya misheni kule Plateau, akafungwa plasta, na sasa yuko rumande mjini akingoja kesi ya kuhamisha mpaka.

Nakuomba kitu kimoja. Mtu yeyote akikuuliza habari za uwanja wetu wa mpira, hata baba yako, sema hukumbuki. Wewe uko mbali, ni rahisi kwako kutokukumbuka.

Mama Nasambu anakusalimia. Bado anauliza kama huko mnapata mboga.

Ni mimi,
Elphas Wamalwa


Isiolo
19 Machi 1971

Kwako Wamalwa, golikipa uliyefungwa mabao matano kule Turbo,

Assalaam alaikum. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa juu ya lori, nikafikiri jua limenipiga. Nikaisoma tena jioni. Ilikuwa ile ile.

Unaniambia nisikumbuke. Haya, wacha nikuonyeshe ninavyosahau. Klabu yetu iliitwa Shamba Moja, na iliishi miezi kumi na minne tu, lakini mimi sijawahi kuwa na miezi mingine kama ile. Bikoni ilikuwa imesimama ndani ya boksi, mbele kabisa ya goli lako. Ilikupasua goti ukashonwa nyuzi saba. Mkaguzi wa ligi akaja, akaitazama, akasema hawezi kusajili uwanja wenye chuma katikati. Jumapili iliyofuata wenzetu wote walikwenda kanisani. Mimi sina kanisa, na wewe ulisingizia tumbo. Tukachukua sururu, tukaing'oa sisi wawili.

Nikuambie na mengine nisiyoyakumbuka? Saruji ilipasuka. Saveya alikuwa ameandika namba pale juu, 318. Kipande kikubwa kilibaki na chuma kikiwa na tatu na moja, na kipande kidogo kikaondoka na nane. Kile kikubwa tulikisimika nyuma ya goli, tukahesabu hatua thelathini na kitu, na ni wewe uliyesema tuende mbali hivyo ili hata shuti la Kipngetich lisikifikie. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kile kidogo tukakitia kwenye shimo la nguzo ya goli kuikaza isitikisike. Hatukuwa wezi. Pande zote mbili zilikuwa za Mzungu mmoja, na yeye alikuwa anakuja kutazama mechi na mbwa wake. Tulihamisha mpaka ambao haukumgawa mtu na mtu.

Lakini sasa unagawa. Na Kipngetich hakuwa anaiba, Wamalwa. Alikuwa anarudisha. Sijui alijuaje, lakini alikuwa anairudisha pale tulipoitoa mimi na wewe. Mtu amevunjwa mguu kwa kosa letu.

Niandikie tarehe ya kesi. Nitamwomba mjomba ruhusa, nipande lori lolote. Tutasimama mbele ya hakimu tuseme, basi. Watatufunga wiki mbili watatuachia, tutakula ugali wa bure.

Mohamed


Kimumu, Eldoret
2 Aprili 1971

Mohamed ndugu yangu,

Wewe huna shamba, ndiyo maana unaweza kuandika maneno mepesi. Samahani. Nimeandika hivyo na sitafuta, kwa sababu ndivyo ninavyohisi.

Ulipoondoka uwanja ulilimwa. Pale goli lilipokuwa ndipo nilipomjengea Mama nyumba, mwezi wa nane mwaka wa sitini na tisa. Ukirudisha ile bikoni mahali pake, nyumba inakuwa ya ushirika, na kisima, na kipande chote cha mahindi. Hatubaki na kitu cha kusimama juu yake. Wewe unamjua Mama. Amefukuzwa kwenye mashamba matatu, kila Mzungu akifa au akiuza, yeye anabeba sufuria kichwani na sisi nyuma. Hii ni nyumba yake ya kwanza ambayo hakuna mtu anayeweza kuja asubuhi kumwambia ondoka. Siku nilipopigilia mlango aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kama mtoto. Sasa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niende kumwambia hakimu kwamba mlango ule uko kwenye ardhi ya watu?

Silali. Nikifumba macho namwona Kipngetich anachukua kona. Mchana nakaa na watu wa kamiti, wananipiga bega, wanasema hawa jamaa tumewaweza, na mimi nacheka nao. Nakunywa chai yao. Kamiti ilisema atakayeonekana anatetea upande wa pili afutwe kwenye orodha ya wanachama siku hiyo hiyo. Mtu akikohoa anatazamwa.

Nimefikiri kumwambia Mama na nimeshindwa. Ataniuliza tutalala wapi.

Lakini sikatai. Sikiliza, sikatai. Kesi imesogezwa mpaka tarehe 14 Mei. Njoo siku hiyo, nami nitakuwepo, na tutasema pamoja. Usije kabla, watu wa kamiti wakikuona kwa duka la baba yako wataanza kuuliza. Njoo asubuhi ile ile, uende kortini moja kwa moja.

Elphas


Duka la Mzee Farah, Eldoret
14 Mei 1971

Wamalwa,

Nimefika. Nilisafiri siku tatu juu ya magunia, na leo saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni pa korti nimevaa shati la Idi. Karani alifungua daftari lake, akateremsha kidole, akanitazama. Akasema kesi ya Kipngetich arap nani, yule wa bikoni, ilisikizwa tarehe 23 Aprili. Miezi kumi na minane.

Nilimwambia amekosea, nina barua mfukoni. Nilimwonyesha. Alisoma tarehe uliyoandika, akanirudishia, na akanionea huruma, Wamalwa. Karani wa korti alinionea huruma.

Haikusogezwa. Haikuwahi kusogezwa hata siku moja.

Nilikwenda kituo cha polisi nikasema ni mimi niliyehamisha bikoni, mwaka wa sitini na nane, mimi na mwenzangu. Waliniuliza mwenzangu yuko wapi. Wakaniuliza ushahidi. Nikawaambia kuna nguzo ya goli yenye kipande cha saruji chini yake. Wakaniuliza goli liko wapi, nami nikakumbuka kwamba hakuna goli. Mmoja akasema, "Wewe Msomali unataka shamba lipi hapa? Rudi dukani." Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanaotaka kwenda kula.

Nilikungoja hapa kwa baba mpaka saa kumi. Dada yangu Halima alikuona barabarani ukigeuka na baiskeli ulipoliona lori nililokuja nalo.

Mama yako nampenda kama wangu, na nyumba yake naitakia heri. Lakini ungeniambia sitakuja, usije, naogopa, ningekasirika na ningekuelewa. Wewe ulinipangia tarehe. Ulikaa ukafikiri siku gani itafaa.

Natoka na lori la jioni. Usiniandikie.

Mohamed Farah


Gereza, Eldoret
9 Juni 1971

Wamalwa,

Hujambo. Mimi ni Kipngetich. Tunaruhusiwa barua moja kwa mwezi. Ya mwezi uliopita nilimwandikia mke wangu Esther. Hii nimekupa wewe, kwa hiyo isome vizuri.

Mguu umeunga lakini umeunga vibaya. Unatazama nje. Daktari alisema nitatembea, kuhusu mpira hakusema, na mimi sikuuliza. Hapa wananiweka jikoni kuchambua maharagwe kwa sababu siwezi kusimama muda mrefu. Siyo mahali pabaya, kuna moto.

Nataka ujue kwamba niliwaona. Jumapili ile ya bikoni nilikuwa kwenye miti ya mkaratusi na ng'ombe wa Mzungu. Mimi pia sikwenda kanisani, nilikuwa kazini. Niliwaona wewe na Mohamed mnachimba, na nilisikia mnavyocheka. Sikusema kwa sababu nilifurahi. Nilitaka uwanja usio na chuma kuliko ninyi wote.

Mwaka huu wazee wa ushirika walianza kusema wafanyakazi wametuibia, twendeni tukawachome. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Nikafikiri nikiirudisha mahali pake mapema, saveya atapima, watu watagombana kwa maneno na yataisha. Nilikosea, nilipaswa kuja kwako kwanza. Lakini hatukuwa tunasalimiana.

Siku ile walipokuwa wananipiga ulikuwa umesimama karibu na ua na jembe mkononi. Nilikuona. Nilikuita kwa jina. Labda hukusikia, kulikuwa na kelele.

Hakimu aliniuliza nani aliyeihamisha kama si mimi. Nilisema nilikuwa nairudisha, nikaishia hapo. Ningekutaja, wangesema ni chuki za mpaka, tena upande wenu ungesema namwonea mama yako. Nilitaka useme wewe. Nilikutafuta kortini kwenye mabenchi, kila mlango ulipofunguliwa.

Sasa jambo lenyewe. Polisi walitaka ushahidi, Esther alisikia habari hiyo dukani kwa Mzee Farah. Ushahidi upo. Unakumbuka nilikuja kukusaidia kumjengea mama nyumba, ingawa wenzangu walinikataza. Nguzo za goli tulizing'oa tukazifanya miimo ya mlango. Mwimo wa kushoto nilisimika mimi. Ulikuwa unatikisika, nikaukaza kwa kile kipande cha saruji kilichokuwa chini yake uwanjani. Kina namba nane. Wewe ulikuwa juu ya paa, hukuona. Chuma wanachokiweka kortini kina tatu na moja, na nyumba ilijengwa mwaka wa sitini na tisa. Mtoto wa shule anaweza kujumlisha kwamba bikoni ilivunjwa kabla ya nyumba, si mwaka huu na mimi.

Sijamwambia mtu, hata Esther. Siwezi kuwatuma polisi wabomoe mlango wa mama aliyenipa uji kila siku niliyochimba pale. Ukichimba, chimba wewe. Usipochimba, nitamaliza miezi yangu.

Niambie tu kitu kimoja. Mama anajua niko hapa kwa sababu gani?

Kipngetich


Kimumu, Eldoret
21 Juni 1971

Kwa Mama mpendwa, Nasambu, kwa mkono wa dada Selpha, Kimilili.

Selpha, barua hii msomee Mama akiwa amekaa. Usiruke mahali. Kama mtoto analia, mpe kwanza anyonye ndipo uanze.

Mama, nafurahi Selpha amejifungua salama. Nafurahi pia, Mungu anisamehe, kwamba wakati huu uko huko.

Mpaka wa shamba letu si wa kweli. Mimi na Mohamed tulihamisha bikoni zamani kwa ajili ya mpira. Nyumba yako iko upande wa ushirika, na kisima, na mahindi. Nilijua tangu siku walipomshika Kipngetich. Hakuwa mwizi kama kamiti walivyokwambia. Alikuwa anarudisha. Nilikuwepo walipomvunja mguu, Mama. Uliniuliza usiku ule kwa nini sili, nikakwambia ni jino. Haikuwa jino. Aliniita Elphas, Elphas, na mimi nilikuwa nimeshika jembe, na vijana wakageuka kunitazama ili waone kama nitaitika. Sikuitika.

Baadaye nilimdanganya Mohamed tarehe ili asifike kortini. Nilifanya haya yote kwa ajili ya nyumba yako. Ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi.

Jumamosi nilichimba mwimo wa kushoto wa mlango. Nilichimba mchana, nikitaka watu waone, na waliona. Mlango ulilala, na ukuta wa upande ule umeanguka kidogo, kitanda chako nimekifunika kwa turubai. Chini ya mwimo nilikuta kipande cha saruji chenye namba nane. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Watu wa kamiti walikuja wakasimama, nikawaambia, na hakuna aliyenigusa. Walirudi kwao mmoja mmoja. Jioni walileta karatasi kwamba tumefutwa kwenye orodha.

Leo nimekipeleka kortini. Karani alileta ile bikoni kutoka stoo, akaiweka juu ya meza, akaviweka viwili pamoja. Vilishikana, Mama. Haukuonekana hata ufa. Karani akaenda kumwita bwana wake. Nimeandika maelezo kurasa tano na nimeweka kidole ingawa najua kuandika. Wamesema faili itapelekwa kwa hakimu mkubwa, itachukua majuma, na mimi nisitoke Eldoret kwa sababu kesi inaweza kugeuka iwe yangu. Kipngetich bado yuko ndani. Saveya amepewa habari.

Mohamed nimemwandikia, barua imerudi haijafunguliwa.

Mama, huna nyumba. Sijui pengine pa kuliweka neno hilo. Kaa huko kwa Selpha, usipande basi. Sina uso wa kukupokea stendi.

Mwanao,
Elphas


Kimilili
30 Juni 1971

Elphas,

Ni mimi Selpha ninaandika lakini maneno ni ya Mama. Ameniambia nisitengeneze hata moja, na mimi sitengenezi.

Nimesikia barua yako. Nilimwambia Selpha aisome mara mbili, mara ya pili nilisimama.

Unaniambia habari za nyumba kurasa mbili na habari za mtoto wa watu kidogo. Yule kijana alikula kwangu siku kumi na mbili. Alichimba mashimo yote ya nyumba ile na watu wake walimcheka. Lile jiwe lenye namba nililiona siku ile, nikamuuliza ni la nini, akasema Mama hili ni la mpira. Nikaacha. Ungeniuliza mimi mwezi wa tatu, ningekwambia jiwe liko wapi, na angelala kwake siku hiyo hiyo na mguu tungemfunga.

Hukuniuliza. Hilo ndilo ninalokulaumu. Umesema ni kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa pale pale, nakupikia. Nyumba nimeacha tatu. Nilizijenga na nikaziacha na sikufa. Kujenga najua. Ulifikiri nitashindwa ya nne, ukaona ni bora mwenzako avunjwe. Hukunijua, na mimi nilidhani nakujua.

Nimelia na nimemaliza, sasa sikiliza kazi.

Ule mlango uliolala usiusimamishe. Kuku wapeleke kwa Esther wote, na lile debe la mahindi. Ukifika, usikae, usimwambie pole nyingi. Mpe na utoke.

Mohamed mwandikie tena. Ikirudi, mwandikie tena.

Ile nguzo ya kushoto ni mti mzuri, haijaliwa na mchwa. Ipasue katikati, umchongee Kipngetich magongo mawili ya kutembelea. Pima kwa kimo chake, siyo chako, yeye amekuzidi. Juu uzungushie ngozi isimuumize kwapa. Yawe tayari Ijumaa.

Basi nitapanda, hata ukikataza. Usije stendi kunipokea. Njoo jela nayo siku hiyo, nitakuwa langoni.

Nasambu, mama yako